AJALI HII INA KINGA



Kila mara mtu wa kazi anapoumia, twasikia maneno yale yale: "Ajali haina kinga." Nyapara husema hivyo, mwenye kazi husema hivyo, na hata sisi wenyewe husema hivyo tukikizunguka kitanda cha mwenzetu hospitali. Methali hii ni ya wazee, nasi hatuwadharau wazee. Lakini wazee walisema habari ya ajali, hawakusema habari ya uzembe. Leo twataka kusema juu ya kazi moja, yaani kuangusha miti mirefu, ambayo kinga yake yajulikana na yanunuliwa dukani.

Sisi tukaao Huruma, hapa Eldoret, twaijua miti hii. Mikaratusi, au blugamu kama wengi wanavyoiita, ililetwa Kenya mwaka 1902 ili reli ipate kuni za injini zake. Reli yenyewe ikafika Eldoret mwaka 1924. Injini za kuni zimekwisha, bali blugamu imebaki: kando ya njia, kwenye mipaka ya ploti, nyuma ya nyumba za mabati. Ikiinamia nyumba za watu au nyaya za umeme, hutafutwa vibarua waikate.

Katika majira ya mvua yaliyopita, wachache wetu tulichukua kibarua cha namna hiyo siku ya mapumziko, ili kuongeza karo ya watoto. Mkandarasi alitupa msumeno wa injini mmoja na kamba moja ya katani, nayo ilikuwa kuukuu. Mti ulikuwa umeinamia vyumba vya wapangaji, nasi tuliambiwa tuuangushe upande wa uwanja mtupu. Kamba ikafungwa kwenye shina, usawa wa kifua. Watu sita tukasimama mbele, mahali pale pale mti ulipotakiwa kulala, tukaambiwa tuvute. Msumeno ulipopita katikati, mti ulisita, ukajizungusha juu ya kisiki, na kamba ikakatika. Sisi tukaanguka chali. Mti ukalala ubavuni, na tawi likampiga mwenzetu mguu, ukavunjika mahali pawili. Hata leo atembea kwa mkongojo. Siku alizolala hakulipwa hata senti. Nasi tuliambiwa nini? Ajali haina kinga.

Ndugu, jambo linalotuuma ni kwamba sisi wa reli hatukustahili kukosa akili ile. Kazini, behewa likitoka njiani, hakuna anayelisukuma kwa bega. Twaleta jeki, minyororo, kapi na winchi. Wenzetu wa pwani nao, tangu zamani za majahazi, hupandisha foromali nzito kwa henza inayopita katika gofia. Kwa nini basi mtu wa nchi kavu auvute mti kama anayevuta mbuzi?

Tufikiri kidogo juu ya uzito. Blugamu mbichi yenye urefu wa mita 20 na upana wa sentimita 40 usawa wa kifua, shina lake lina uzito wa kama tani moja. Watu sita hawashindani na tani moja. Lakini mti ni wenzo. Kamba ikifungwa mita 12 juu badala ya mita moja na nusu, nguvu ile ile ya mikono hufanya kazi karibu mara nane. Kuipeleka juu si shida: hurushwa uzi wenye jiwe dogo kupita juu ya tawi imara, kisha uzi huivuta kamba.

Jambo la pili ni kapi. Kapi likifungwa chini ya mti mwingine ulio imara, kamba hupinda, na wavutaji husimama ubavuni, mbali, wala si mbele ya mti unaokuja. Umbali wao uwe angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kwa hiyo kamba ya mita 20 haifai kwa mti wa mita 20. Itafutwe ya mita 50 na zaidi. Tena tusidanganyike: kapi lililofungwa hivyo hugeuza njia ya kamba tu, halipunguzi uzito. Kapi litembealo pamoja na mzigo ndilo ligawalo nguvu nusu kwa nusu. Na mti ulioshika kapi hubeba kuliko kamba yenyewe. Kamba ikirudi kule kule ilikotoka, hubeba karibu mara mbili. Kwa hiyo kapi lisifungwe kwenye nguzo ya ua.

Jambo la tatu ni winchi ya mkono. Watu huchoka, huteleza matopeni, huvuta kwa kushtuka. Winchi huvuta polepole na kushika ilichovuta. Mtu mmoja aweza kuitumia, na wengine wakakaa mbali.

Hata hivyo kamba haiondoi kazi ya fundi wa msumeno. Kwanza hukata pengo upande wa maangukio, robo ya upana wa shina au theluthi yake. Kisha hukata kutoka nyuma, akiacha ukanda wa mti usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya upana. Ukanda huo ndio bawaba ya mti. Ukikatwa wote, hakuna kamba itakayouongoza. Kamba ikazwe kidogo tu mwanzoni. Ivutwe kwa nguvu bawaba ikiwa tayari na fundi akiwa ameondoka kwenye njia yake ya kukimbilia. Mtu mmoja tu atoe amri. Asiwepo azungushaye kamba mkononi au kiunoni. Na mti uliooza, au ulioinama mno, usivutwe kabisa. Aitwe mjuzi wa kupanda aukate vipande vipande kutoka juu.

Mkandarasi atasema vyombo hivi ni ghali na vyapoteza saa. Twamjibu: kamba, kapi na winchi hununuliwa mara moja na kutumika miaka mingi. Mguu haununuliwi. Vijana nao watasema wamekata miti mia bila kamba. Ni kweli, kwa sababu miti mingi huanguka ilikoelekea. Wa mia na moja, ulioelekea nyumba, ndio utakaowauliza.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kazi atoe vyombo visivyo na hatari, afundishe watu na kuwasimamia. Yasema pia mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na asirudishwe pale mpaka hatari iondolewe. Na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwenye kazi alipe mtu aliyeumia kwa ajili ya kazi. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu ambaye siku ya pili kibarua kingine kitachukuliwa na jirani yake.

Hapo ndipo penye neno letu. Siku ile sisi sita tuliiona kamba kuwa ni kuukuu. Kila mmoja aliogopa kusema peke yake, maana mtu mmoja akikataa, hufukuzwa. Sita wakikataa pamoja, mkandarasi hupanda gari akatafute kamba. Basi twataka chama kiwafundishe wanachama kazi hii, kinunue kapi na winchi moja ya kuazimana hapa Eldoret, na kimsaidie ndugu yetu kudai fidia yake. Nasi tufanye patano moja Huruma nzima: pasipo kamba nzima, kapi na winchi, mti ulioelekea nyumba hauguswi.

Atakayetuambia tena kwamba ajali haina kinga, tumwonyeshe kamba, kisha tumwonyeshe ule mkongojo, achague kipi ni ghali.