Nani atamlipa mkulima wa Nyeri aung'oe mkaratusi?

ANAYESAFIRI kutoka mjini Nyeri kuelekea Othaya huvuka mabonde ya mito inayoteremka kutoka milima ya Aberdare. Katika mengi ya mabonde hayo, mti uliosimama karibu zaidi na maji si mkuyu wala mwanzi, bali ni mkaratusi.

Mnamo 2009, nchi ikiwa imebanwa na ukame, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na chemchemi. Zaidi ya miaka 15 baadaye, mingi ingalipo. Kuwalaumu wakulima kwa ukaidi ni rahisi, lakini lawama hiyo haitoshi.

Mti huu wa asili ya Australia uliletwa nchini mnamo 1902 ili kuni zake ziendeshe treni za reli ya Uganda. Ulichaguliwa kwa sababu ya kasi yake. Penye mvua na udongo mzuri, huweza kurefuka zaidi ya mita mbili kwa mwaka, na kabla ya kutimiza miaka 10 huwa tayari kuuzwa kama nguzo ya umeme. Mbuzi na ng'ombe hawaupendi. Ukikatwa, kisiki huchipuza upya, na mkulima huvuna tena bila kununua mche.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoyapiga chenga maagizo ya serikali. Anayetii kwa shoka pekee huwa hajauondoa mti, ameuvuna tu.

Isitoshe, soko lipo. Viwanda vya majanichai vya Gathuthi, Chinga, Iria-ini na Ragati vinahitaji kuni za kukaushia majani. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, wanunuzi wa mbao waligeukia mashamba ya watu binafsi, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2023. Kwa mzazi aliyeshuhudia kahawa ikimwangusha, mikaratusi 50 bondeni ni karo ya shule.

Hata hivyo, kasi hiyo ina gharama, nayo hulipwa kwa maji. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda mikaratusi katika bonde la kijito kilichokuwa kikitiririka mwaka mzima. Katika mwaka wa tisa, kijito kilikauka kabisa. Miti ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, maji hayakurejea mara moja; ilichukua takriban miaka mitano zaidi. Mkulima anayengoja mto upungue ndipo aung'oe mti huenda akawa amechelewa.

Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika eneo la Tetu, alilisema jambo hili kwa miaka mingi na kuhimiza miti ya kiasili. Lakini mti wa kiasili humlipa mjukuu, ilhali mkaratusi humlipa aliyeupanda.

Kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba kwa miti, tena isiyodhuru vyanzo vya maji. Serikali nayo imelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Lengo la idadi, lisiposimamiwa, laweza kutimizwa kwa mikaratusi mitupu.

Si lazima mti huu ufukuzwe Nyeri. Mahali pake ni juu kwenye miinuko, mbali na chemchemi. Kinachokosekana ni pesa za kumvusha mkulima miaka ambayo ukingo wa mto hautampa chochote. Wanaofaidi maji hayo wako mbali: mito ya Gura na Sagana huingia Tana, ambako mabwawa ya Masinga hadi Kiambere huzalisha umeme wa taifa.

Njia ya kuwashirikisha imekwisha kujaribiwa. Tangu 2015, Hazina ya Maji ya Upper Tana-Nairobi imekuwa ikichangisha fedha, zikiwemo za kampuni zinazotegemea maji hayo, na kuwasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi na miti ya matunda. Bonde la Sagana-Gura ni miongoni mwa maeneo yake.