Kudadisi si Ubinafsi

Makala iliyodai kwamba kumfundisha mtoto kufikiri mwenyewe ni kumpandikiza ubinafsi wa Kizungu imemsahau Julius Nyerere. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, alitoa waraka wake, Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule zijenge akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kukubali, kukataa au kurekebisha kulingana na mahitaji yetu. Huyo ndiye baba wa Ujamaa, si mhubiri wa kila mtu na lwake.

Mwandishi anasema bibi zetu walilea kwa utii. Kweli, na fimbo ilikuwepo. Lakini jioni bibi huyo huyo alitega kitendawili: “Nyumba yangu haina mlango.” Huyu akasema kaburi, yule akasema boga, wengine wakacheka, na hakuna aliyechapwa kwa kukosea. Wakishindwa wote, walimpa mji, naye akafumbua: yai. Kila mtoto alitoa lake mbele ya wenzake.

Kinachofanana na utii anaousifu ni darasa linaloimba sentensi ya ubaoni, na mtoto anayeuliza “kwa nini?” anajibiwa kwamba hiyo haiji kwenye mtihani.

Adabu ni suala jingine, wala silipuuzi. Ila mwandishi atuambie: katika kijiji cha watu waliokatazwa kuuliza tangu utotoni, mkutano wa hadhara ukiitishwa, nani atamhoji mweka hazina?