Kazi ya Nyumbani: Maneno Matatu, Kazi Mbili

Mwalimu akifunga daftari lake mwishoni mwa somo hutuachia kazi ya nyumbani. Tukifika kwetu Katuba, Ruashi au Kampemba, mama naye anatungoja na kazi ya nyumbani. Kifaransa kina jina mbalimbali kwa kila moja ya kazi hizo. Kiswahili kinaziita kwa jina moja, na kwa maoni yangu kimeyaona mambo yalivyo katika nyumba zetu: kazi zote mbili zinagombania jioni ile ile, meza ile ile na taa ile ile.

Wanafunzi wenzetu wanaolalamika kwamba muda hauwatoshi hupewa shauri la kawaida: amka mapema, andika ratiba, funga simu. Si shauri baya, lakini lina kasoro moja. Linamchukua mwanafunzi kama mtu mwenye saa zake mwenyewe. Katika nyumba ya watu kumi, saa za mmoja zinaamuliwa na wote. Unaweza kuandika kwamba saa moja jioni utasoma fonolojia, kumbe saa hiyo ndiyo maji yanatoka bombani baada ya siku mbili, na bidoni zote ni tupu. Ratiba yako imekufa bila wewe kukosa bidii. Ndiyo maana nasema: katika nyumba yenye watu wengi, ratiba iwe ya nyumba nzima, ijadiliwe na wote na ijulikane na wote.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu tulipoingia katika mfumo wa LMD. Mwaka mmoja una krediti 60, yaani 30 kwa kila muhula, na krediti hazihesabu tu saa tunazokaa mbele ya mwalimu. Zinahesabu pia kazi binafsi ya mwanafunzi: kusoma, kutafiti, kuandika. Maana yake ni kwamba sehemu ya chuo kikuu imehamia nyumbani kwetu, na hakuna aliyekwenda kuwaeleza wazazi. Baba anamwona binti ameketi na kitabu saa kumi alasiri, anafikiri masomo ya leo yamekwisha na mtoto anapumzika. Basi anamtuma.

Nimesema binti kwa makusudi. Tazama nani anawasha mbabula asubuhi, nani anatwanga sombe, nani anasonga bukari, nani anaosha sahani wakati wengine wanatazama mpira. Kaka na dada wanaweza kuwa katika promosheni moja, wana mtihani mmoja siku moja, lakini mmoja anaanza kusoma saa moja jioni na mwingine saa nne usiku, macho yakiwa mazito. Matokeo yakitangazwa tunasema kaka ana akili. Katiba yetu ya 2006 inazungumzia haki sawa za mwanamke na mwanaume na uwakilishi wao katika taasisi za taifa. Mimi naona usawa huo unaanzia kwenye sufuria, maana anayekosa saa za kusoma leo ndiye atakayekosa kiti kesho.

Tufanye nini? Kwanza, tuketi na wazazi Jumapili moja na kuwaonyesha ratiba ya masomo, tukieleza kwamba kazi binafsi ni sehemu ya somo. Wazazi wengi wamejinyima mengi ili tusome; wakielewa, watasaidia. Pili, kila mtu mwenye mikono apewe siku yake, wavulana kwa wasichana, pamoja na binamu aliyekuja kutembea mwezi wa tatu sasa. Wazee walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Tatu, tutenganishe kazi zinazotufunga na zile zinazotuachia nafasi. Bukari haikuruhusu kugeuza kichwa. Lakini maharagwe makavu juu ya makala yanaweza kuchukua saa mbili, na anayeyachunga anaweza kusoma kurasa kadhaa, mradi aongeze maji kwa wakati. Ukiyaloweka tangu usiku, yanaiva upesi na makala yanapungua. Hata hivyo tusijidanganye kwamba dakika za namna hiyo zinatosha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini uchambuzi wa sentensi tata au sura ya tasnifu hauandikwi kwa dakika tano tano. Kila mwanafunzi anahitaji angalau saa mbili mfululizo ambazo nyumba nzima inajua kwamba hatumwi. Leo ziwe za dada, kesho za kaka, na wote waziheshimu.

Najua kuna watakaosema huu ni ubinafsi wa Kizungu, kwamba nyumba ya Kiafrika haipimi kazi kwa saa. Siwaungi mkono. Nyumba iliyotulisha inatudai jasho letu, na sidhani kuna mwanafunzi mwenye heshima anayekataa kuchota maji. Swali ni kwa nini jasho hilo lidaiwe kwa mmoja tu. Kusaidiana kunakomwangukia mtu mmoja kila siku hakustahili jina hilo.

Neno la mwisho ni kwa walimu wetu, kwa heshima zote. Familia inaweza kupanga zamu zake, lakini zamu hizo zinavunjika siku somo la asubuhi linapohamishiwa alasiri kwa ujumbe wa simu uliotumwa saa tatu usiku. Aliyebadilishana siku na mdogo wake ili aje darasani hana la kumwambia. Kazi inayodaiwa kwa siku moja nayo inampendelea mwenye chumba chake, taa yake na mtu wa kumpikia. Tunaomba mabadiliko ya saa yatangazwe siku mbili kabla, na kila kazi ya kuandika ipewe juma zima.

Sisi wanafunzi tuna sehemu yetu nayo ni ngumu zaidi, kwa sababu inaanzia kwa ndugu zetu wa damu. Kaka unayesoma ukurasa huu, uliza leo sahani ni zamu ya nani. Kama hakuna anayejua, au kama jibu ni jina lile lile la jana na juzi, anza wewe.