Televisheni ya Chogo Isitupwe

Siku hizi televisheni nyembamba zimeenea kila mahali, na ile ya zamani ya rangi, ambayo watu huiita televisheni ya chogo, imekuwa kiota cha kuku au imetupwa jalalani. Kwa maoni yangu jambo hili si jema. Yafaa kila shule ya sekondari iwe nazo mbili katika maabara ya fizikia: moja mbovu iliyofunguliwa na fundi, na moja nzima ya kuwashwa.

Sababu ya kwanza ni elimu. Televisheni nyembamba hufanya kazi kwa vitu vidogo mno, lakini ya chogo yaonyesha viungo vyake waziwazi. Chogo lile ni chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa. Nyuma yake mna bunduki tatu za elektroni, moja kwa rangi nyekundu, moja kwa kijani na moja kwa buluu. Sumaku za umeme zilizo shingoni mwa chupa huzipinda elektroni hizo zikachora mistari 625, picha 25 kila sekunde. Nyuma ya kioo cha mbele mna bamba la chuma lenye matundu maelfu kwa maelfu, ili kila bunduki ipige unga wa rangi yake tu. Mwanafunzi akitazama mahali peupe kwa lenzi, haoni weupe, bali chembe za rangi hizo tatu. Somo hilo hatalisahau.

Sababu ya pili ni historia. Marekani ilipokubali mtindo wake wa rangi mwaka 1953, matangazo hayo yalitengenezwa ili yapokelewe pia na televisheni za nyeusi na nyeupe ambazo watu walikwisha kuzinunua. Kipya hakikukidharau cha kale. Baadaye Mjerumani Walter Bruch alibuni mtindo wa PAL, ambao huzuia rangi zisipotoke njiani. Zanzibar nayo ilianza matangazo ya rangi mwaka 1973, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni.

Wako watakaosema kwamba sanduku hili ni zito, hula umeme mwingi, tena ni la hatari. Ni kweli. Ndani yake mna umeme upatao volti 25,000, na chupa huweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Kwa hiyo mwanafunzi asithubutu kuifungua. Kazi hiyo ni ya fundi. Lakini kuitupa pia ni hatari, maana kioo chake kina madini ya risasi, nayo ni sumu.

Wengine watauliza itaonyesha nini, na matangazo ya zamani yamekwisha zimwa. Ikiunganishwa na king'amuzi kinachofaa, itaonyesha picha kama kawaida.

Basi wazazi wetu, mlio nazo stoo, ulizeni shuleni kabla ya kuzitupa. Nanyi walimu wetu, tunawaomba mzipokee. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.