Wakili Wetu Sote Si Wakili Wako

Kila anayenunua ploti Kakamega huambiwa sentensi moja na broka, mara nyingi wakiwa bado wamesimama shambani: "Mwalimu, usihangaike, wakili tuko naye pale mjini. Atatuandikia sote." Mwalimu hushukuru. Anaona ameokoa pesa, na zaidi ya hilo ameepuka kuonekana mtu wa kesi. Jioni anawaambia wenzake wa sacco kwamba mambo yako sawa, wakili yupo.

Wakili yupo kweli. Ambalo hakuna anayeuliza ni hili: yupo kwa ajili ya nani?

Imani kwamba wakili mmoja anawatosha muuzaji na mnunuzi imezoeleka kiasi kwamba hata wasomi huiita busara. Tangu Masinde Muliro iwe chuo kikuu kamili mwaka 2007, mashamba ya Lurambi, Kefinco na Sichirayi yamekuwa yakikatwa hamsini kwa mia, na mikataba inaandikwa kwa kasi ya mandazi ya asubuhi. Kaunti hii ilihesabiwa watu 1,867,579 mwaka 2019, na kila kilomita moja ya mraba ina zaidi ya watu 600. Penye msongamano kama huo hakuna kipande cha ardhi kisicho na mtu wa pili anayekitazama. Hapo ndipo tunakwenda kununua tukiwa na nusu ya wakili.

Watetezi wa wakili wa sote hawaanzi na pesa. Wanaanza na heshima. Muuzaji ni shemeji, au ni mzee wa kanisa, au alisoma na baba yako, na kumletea wakili wako ni kama kumwambia usoni kwamba humwamini. Ajabu ni kwamba watu hawa hawa, siku ya kwenda kuzungumzia mahari, hawaendi bila msemaji wao. Upande wa binti una wake, upande wa kijana una wake, na hakuna anayekasirika. Mjomba wa kijana akisimama na kusema, "Tulieni, mimi nitazungumza kwa niaba ya pande zote mbili," watu watadhani amelewa. Kwa ng'ombe tunataka wasemaji wawili. Kwa ardhi, ambayo thamani yake inaweza kununua zizi zima, tunaona mmoja anatosha.

Mnunuzi na muuzaji si maadui, lakini mahitaji yao yanapingana kuanzia shilingi ya kwanza. Mnunuzi anataka malipo ya awali, yale ya asilimia 10, yakae kwa wakili mpaka mambo yakamilike. Muuzaji anayataka leo, maana karo imefika. Wakili wa sote atafanya nini? Nimeona mikataba ambayo malipo ya awali hayakulala hata usiku mmoja. Tena mkataba wenyewe unasema, kwa maandishi safi kabisa, kwamba mnunuzi ameridhia.

Au chukua nyumba ya kupangishia wanafunzi iliyo ndani ya mji, inayouzwa shilingi milioni 8. Mnunuzi anadaiwa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini (mashambani ni 2). Muuzaji anadaiwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Hapo mtu mmoja mwenye akili hupendekeza kwamba karatasini iandikwe milioni 5. Wote wanacheka. Tuache kwanza kwamba huo ni ukwepaji wa kodi, na kwamba mthamini wa serikali anaweza kukataa bei hiyo. Tupige hesabu tu. Mnunuzi ameokoa asilimia 4 ya milioni 3, yaani shilingi 120,000. Siku atakapoiuza nyumba hiyo kwa faida, zile milioni 3 zisizoonekana zitahesabiwa kuwa faida yake yeye, na asilimia 15 yake ni 450,000. Na mauzo yakivunjika kesho kutwa, atadai kurudishiwa ngapi? Milioni 5, maana ndizo zilizo kwenye mkataba. Wakili wake mwenyewe angemwambia haya kabla chai haijapoa. Wakili wa sote hawezi kuyasema bila kumkosea yule mteja mwingine.

Kisha kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui kabisa, na ndilo lingepaswa kuua imani hii peke yake. Kila mauzo ya ardhi yana saa ya hatari: muuzaji hataki kutoa hatimiliki kabla ya kuona pesa, na mnunuzi hataki kutoa pesa kabla jina lake halijaingia kwenye sajili. Mawakili walilimaliza tatizo hilo zamani kwa kitu kinachoitwa ahadi ya kitaaluma. Wakili wa mnunuzi anamwandikia mwenzake barua: salio liko nami, nitalilipa usajili ukikamilika. Wakili wa muuzaji akiipata, anaachilia hati. Barua hiyo inamfunga wakili binafsi, si mteja wake. Akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha kuitimiza, na anaweza kufikishwa mbele ya jopo la nidhamu. Ni kinga nzuri kuliko mashahidi kumi na liguru, mzee wa kijiji, juu yake. Lakini inahitaji mawakili wawili. Huyu wetu mmoja atamwandikia nani? Atajiahidi mwenyewe?

Mambo yakiharibika, mtego unafunga kabisa. Katika kesi ya King Woollen Mills ya mwaka 1993, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba wakili aliyewatumikia wote katika shughuli moja hawezi baadaye kumwakilisha mmoja dhidi ya mwenzake katika mgogoro wa shughuli hiyo hiyo. Kwa hiyo wakili uliyemlipa, anayelijua faili ukurasa kwa ukurasa, siku unayomhitaji zaidi ndiyo siku anayotakiwa kukaa kando. Utaanza upya na mgeni, na utalipa upya.

Kakamega ina kumbukumbu chungu ya mlinzi mwenye mabwana wawili. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi ya hifadhi zao. Dhahabu ikapatikana huku kwetu, na kabla mwaka 1932 haujaisha sheria ikarekebishwa Nairobi ili ardhi imegwe kwa ajili ya wachimbaji bila wenyeji kupewa nyingine badala yake. Aliyekabidhiwa kuilinda ardhi ndiye aliyetaka ichimbwe. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na leo jina hilo ni la mtaa ambako watu wananunua ploti, wengine kwa wakili wa sote.

Sasa, wakili wako atoke wapi? Wengi wa watu wetu walioko Nairobi huamini kwamba ofisi kubwa ya ghorofani Upper Hill ni salama kuliko wakili wa karibu na mahakama ya Kakamega. Sikubaliani. Ofisi hiyo itaagiza sachi ya sajili, itapata karatasi, na itaiamini. Karatasi ya sachi inakupa hali ya leo tu. Wakili aliye karibu na ofisi ya ardhi ya Kakamega anaweza kwenda kuomba nakala ya kadi ya kijani yenyewe na kuisoma: sehemu A inaeleza kipande na ukubwa wake, B inaorodhesha wamiliki na tarehe zao, C ina madeni na vizuizi. Sehemu B ndiyo ya kukaziwa macho. Ukiona umiliki umeruka kutoka kwa mzee aliyefariki hadi kwa mjukuu bila kutajwa kesi ya mirathi, simama hapo hapo. Ukimkuta marehemu bado ndiye mmiliki, na wanawe wanakuuzia "sehemu yao", hakuna cha kununua: sheria ya urithi hairuhusu kuuza ardhi ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha mgao. Kwa mashamba ya skimu za makazi, kama yale ya Lugari na Likuyani, sehemu C inaweza kukuonyesha deni la mfuko wa makazi ambalo mwenye shamba alilisahau, au alijifanya amelisahau.

Na sajili yenyewe haisemi yote. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ambazo hazijaandikwa popote, zikiwemo amana za kimila, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ndugu wa ukoo mmoja kutoka Meru, ilizitia nguvu haki hizo. Kwa hiyo mtu anatakiwa afike shambani na kuuliza maswali ambayo mgeni haoni hata yanatokea wapi. Yale makaburi mawili nyuma ya migomba ni ya nani? Yule mama anayepalilia upande wa mto ni mke wa muuzaji au ni wa marehemu kaka yake? Mbona mti wa mlusiola wa mpakani umekatwa juzi? Wakili anayejua Butsotso na Isukha atayauliza yote kabla ya kufungua kompyuta. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliongeza makali katika kesi ya Dina Management, iliyohusu kiwanja cha ufuoni Nyali ambacho kiligawiwa kwanza kwa Rais Moi mwaka 1989: kama mzizi wa hati ni mbovu, mnunuzi wa baadaye hajifichi nyuma ya nia yake njema. Kuchimba mzizi ni kazi yako, na wakili aliyeletwa na muuzaji hana sababu ya kushika jembe.

Bodi ya ardhi nayo ina saa yake. Shamba la kilimo lazima lipate kibali cha bodi, na maombi yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Mahakama zimewahi kuwaokoa baadhi ya waliochelewa, lakini kanuni ni kwamba bila kibali mauzo ni batili, na unachoweza kudai ni pesa ulizotoa, si shamba. Bei ikipanda katikati, nani ana haja ya kuchelewa? Muuzaji. Na nani atamsukuma aje bodi na mkewe? Wakili wa sote atampigia simu mara mbili, kisha atakuambia uwe mvumilivu.

Lakini tusidanganyane: wakili wa hapa si lazima awe wako. Wanaoshuku mawakili wa hapa husema mji ni mdogo, mawakili wote wanajuana, wawili watapatana tu nyuma ya migongo yetu. Mimi naona udogo huo ni faida. Mawakili wanaokutana kila wiki mahakamani hawawezi kuvunja ahadi ya maandishi bila mji mzima kujua, na wakili ambaye ahadi yake haiaminiki hatapokea hati ya mtu tena. Huyo unayemchagua, mtazame kwanza kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, kama ana leseni ya mwaka huu, kwa sababu leseni zote huisha tarehe 31 Desemba. Karani wa mtaani anayechapa mikataba ya ardhi kwa malipo anavunja sheria, hata kama muhuri wake ni mkubwa.

Inabaki hoja ya gharama. Kanuni za malipo zina kima cha chini, na wakili haruhusiwi kutoza chini yake, kwa hiyo anayejitolea kuwahudumia watu wawili kwa elfu chache ameanza kazi kwa kuvunja kanuni. Ningependa LSK ipige marufuku uwakilishi wa pamoja katika mauzo ya ardhi moja kwa moja. Mpaka hapo, kama pesa zilizopo ni za wakili mmoja tu, awe wa mnunuzi. Mnunuzi ndiye anayetoa pesa taslimu na kupokea karatasi. Na wakili huyo amwandikie muuzaji barua ya aya moja, ikisema wazi kwamba hamwakilishi na kwamba muuzaji yuko huru kutafuta wa kwake, naye muuzaji aisaini kuthibitisha ameipata.