Jiwe la Opali Linunuliwe Mchana, Likiwa Kavu

Tangu majeshi yetu yalipoingia Mogadishu mwezi Machi 2007, askari wengi wamerudi nyumbani wakiwa na fedha ambazo hawajapata kuzishika kwa pamoja maishani mwao. Wako waliojenga, wako walionunua ng'ombe au shamba la migomba huko Isingiro, na wako waliolipa karo za watoto mpaka mwisho. Hao hatuna neno nao. Neno letu leo ni kwa ndugu zetu, wanajeshi na polisi, ambao hushawishika kuziweka fedha hizo katika jiwe, na hasa jiwe la opali, ambalo mwuzaji hulisifu kwa ukubwa wake kabla ya kulisifu kwa jambo jingine lolote.

Mjini Mbarara tulionyeshwa na askari mmoja jiwe lenye ukubwa wa yai la bata, limo ndani ya chupa ya maji. Alilinunua kwa mtu aliyetoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, naye aliagizwa asilitoe majini kamwe. Tukamwuliza kama alilipima likiwa kavu. Hakulipima. Kama alilitazama juani? Biashara ilikuwa ya usiku, kwa tochi ya simu. Na hati je? Hakupewa hata kipande cha karatasi. Bei aliyolipa hatutaitaja hapa, kwa kuwa mkewe pia husoma gazeti hili.

Nakivale ni makazi ya tangu mwaka 1958, nayo yamepokea ndugu waliokimbia machafuko ya Rwanda. Leo katika kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo wanaishi watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea, na Kiswahili kinasikika sokoni kuliko katika miji mingi ya nchi hii. Ardhi ya Isingiro inajulikana kwa bati, na kwa matoke, wala si kwa opali. Opali ya sehemu hizi za Afrika inatoka hasa Ethiopia: ilipatikana Menz Gishe katika jimbo la Shewa mnamo mwaka 1994, kisha mwaka 2008 karibu na Wegel Tena huko Wollo, ambako wachimbaji huifuata kwenye miamba ya volkano iliyo kando ya magenge marefu. Kwa hiyo jiwe linalotolewa mfukoni Nakivale limekwisha kuvuka mipaka isiyopungua miwili, na mnunuzi ana haki ya kuuliza lilivukaje.

Sasa tuseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Opali si kama almasi. Ni silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga, iliyogandamana pamoja na maji. Kwa kawaida maji hayo ni kati ya sehemu 6 na 10 katika kila 100 za uzito wake. Mwaka 1964 wataalamu wa Australia walionyesha kwa darubini ya elektroni kwamba ndani ya opali bora mna vitufe vidogo mno vilivyopangwa safu kwa safu, kama askari katika gwaride, na mwanga ukipita kati ya safu hizo ndipo hugawanyika kuwa nyekundu, kijani na buluu. Safu zikiwa ovyo, jiwe huwa jeupe tu kama maziwa, hata likiwa na ukubwa wa tofali.

Opali ya Wollo ina tabia yake ya pekee: hunywa maji. Ukiitumbukiza, huweza kuwa angavu kama kioo na rangi zake zikapotea, kisha ikikauka polepole rangi hurudi. Uzito nao huongezeka, pengine kwa sehemu moja ya kumi, na mnunuzi anayepimiwa jiwe lililotoka majini analipia maji kwa bei ya opali. Zaidi ya hayo, maji huficha mikwaruzo na nyufa za jiwe ambalo halijasuguliwa. Ndiyo sababu chupa ile ya Mbarara haikutupendeza. Jiwe la namna hii likaushwe taratibu kivulini kwa siku kadhaa, likiwezekana kwa majuma, mbele ya watu wanaoaminiwa na pande zote mbili, kabla ya senti moja kutolewa. Jiwe lenye ugonjwa litaanza kuonyesha nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Mwuzaji anayekataa kungoja amekwisha kukujibu.

Utazamaji ufanywe mchana, juani na kivulini, jiwe likigeuzwa pande zote. Tochi hulifanya hata jiwe hafifu liwake. Ubavuni itazamwe kwa kioo cha kukuzia: ukiona mstari ulionyooka, basi ni utando mwembamba wa opali uliogundishwa juu ya kitu kingine. Ziko pia opali zilizotengenezwa na binadamu, ambazo rangi zake hujipanga kama magamba ya mjusi. Na ziko opali halisi za Ethiopia zilizopikwa kwa moshi, au kwa sukari na asidi, zipate kuonekana nyeusi, kwa kuwa opali nyeusi ya Australia ina bei kubwa. Haya yote hayaonekani saa tano ya usiku.

Kuhusu ukubwa, tutoe mifano miwili. Mwezi Februari 2022, mjini Anchorage huko Alaska, iliuzwa mnadani opali ya Australia iitwayo Americus Australis, yenye karati zaidi ya 11,800, yaani zaidi ya kilo mbili na robo. Ilipata dola 143,750. Ni fedha nyingi, lakini si mamilioni ambayo mtu huahidiwa kwa jiwe la ukubwa wa yai. Mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer wa Tanzania aliuza mawe mawili ya tanzanaiti, kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa shilingi za Tanzania bilioni 7.74. Aliyauza Mirerani kwa serikali yenyewe, mchana, yakiwa yamepimwa mbele ya watu, ndani ya ukuta wa kilomita 24.5 ambao jeshi la nchi hiyo liliujenga kuyazunguka machimbo. (Wenzetu wale waliujenga kwa muda mfupi ajabu, na hilo sisi wa fani hii tunalitazama kwa wivu kidogo.) Laizer alipata bei kwa sababu palikuwa na mizani na hati, na wanunuzi wote walijua ni kitu gani kinachouzwa.

Liko jambo linalotuuma zaidi ya hasara ya askari. Mkimbizi ana haki ya kufanya biashara halali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki hiyo. Lakini mkimbizi anayetoa jiwe mfukoni kwenye kizuizi cha barabara, mbele ya mtu mwenye bunduki na sare, hafanyi biashara. Atataja bei yoyote itakayomruhusu kupita. Pengine jiwe lile ndilo akiba pekee ya jamaa nzima iliyotembea miezi. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya 1970, enzi za magendo na mafutamingi, ambapo mali ya mtu ilibadilika mkono kwa sababu tu mwingine alikuwa na cheo, na askari aliogopwa mpaka sokoni. Kazi ya kuondoa hofu ile imechukua miaka mingi na haijamalizika. Afande anayenunua jiwe kizuizini kwa thumni ya bei yake anairudisha hofu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, hata kama jiwe ni la kweli na fedha ni zake za halali.

Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inamtaka afanyaye biashara ya kununua na kuuza madini awe na leseni. Anayependa jiwe kwa ajili ya pete ya mkewe na alinunue kwa mwenye leseni, akiwa amevaa nguo za kiraia, apewe stakabadhi. Mwenye shaka apeleke swali kwenye Kurugenzi ya Uchunguzi wa Jiolojia na Migodi, Entebbe.

Aliye na opali tayari aitunze hivi. Aifungie katika kitambaa laini cha pamba, mbali na vitu vigumu, kwa kuwa hata vumbi la kawaida lina chembe za kuikwaruza. Asiiache ndani ya gari juani, wala chini ya bati la nyumba lichomalo mchana. Asiipake mafuta wala manukato, na asiioshe kwa sabuni, kwani opali inywayo maji hunywa na uchafu pia. Jasho la mkono huweza kuibadilisha rangi.

Na ndugu zetu polisi, mnapolikamata jiwe la namna hii kuwa kielelezo, msiliache katika chupa mliyolikuta nayo, wala msilianike juani ili likauke upesi. Likaushwe kivulini, lipimwe kwa gramu, lipigwe picha pande zote, liandikwe daftarini mbele ya mwenyewe, naye atie sahihi. Kisha lifungwe katika kitambaa na bahasha, lakiri juu yake, liwekwe kabatini. Siku hakimu atakapoliitisha, lipimwe tena mbele yake, likiwa kavu vile vile.