Tusimkabe Mchapaji

Mwaka 1916 Hilary Pepler alianzisha matbaa ndogo kijijini Ditchling, Uingereza, iliyokuja kuitwa kwa jina la Mtakatifu Dominiko. Herufi zilipangwa moja moja kwa vidole, zikapakwa wino, karatasi ikagandamizwa kwa mashine ya mkono. Pepler hakuchapa vitabu tu. Alichapa hata matangazo na lebo za bia.

Kuna atakayeona kazi hizo zilimshushia hadhi. Sikubali. Matbaa ndogo huishi kwa kazi ndogo zinazolipwa vizuri. Parokiani tunalipia keki ya upadirisho bila kunung'unika, halafu tunamkaba mchapaji wa kadi apunguze bei. Papa Leo XIII alidai ujira wa haki katika Rerum Novarum, 1891. Tumlipe fundi kwanza, ndipo tumsifu.